Pipa la njano likijaa, linapelekwa wapi?

BARAKA, FIZI. Popote linapotajwa, wazo hili hupokelewa kwa makofi: kampasi ianzishe mradi wa kuchakata taka. Yanunuliwe mapipa matatu, moja la kijani, moja la njano, moja la bluu. Yaandikwe kwa Kifaransa. Viongozi waje, wapige picha, na wanafunzi wavae fulana mpya. Hakuna ubaya. Lakini siku ya sherehe kuna swali ambalo halijibiwi: pipa la njano likijaa chupa, linapelekwa wapi?

Baraka haina kiwanda cha kuyeyusha plastiki. Fizi-centre haina. Kupeleka mzigo Bukavu ni kupanda barabara ya kitaifa namba 5, na kila dereva anajua barabara hiyo wakati wa mvua; miaka hii ya vita hata lori la unga halina uhakika wa kufika. Nani atalipa usafiri wa gunia la chupa tupu, mzigo unaojaza gari lakini hauna uzito wa kuuzwa? Kwa hiyo mapipa matatu yenye rangi tatu huishia katika shimo lile lile nyuma ya vyoo, na mtu mmoja anakuja jioni na kiberiti. Plastiki iliyotenganishwa vizuri asubuhi inaungua pamoja na maganda ya ndizi na karatasi za mitihani. Moshi wake, hasa ule wa mabomba na nyaya za umeme, una sumu iitwayo dioksini. Hauchagui wa kumwingia. Unafika kwanza kwa walio karibu, na mara nyingi walio karibu na shimo la taka ni familia zilizokuja juzi, ambazo hazikupata kiwanja kingine.

Hilo ndilo kosa la miradi ya namna hii: inaanzia kwenye pipa, wakati ingepaswa kuanzia mwisho wa safari ya taka na kurudi nyuma.

Mwisho wa safari hiyo kwa Baraka unajulikana. Mji uko ndani ya ghuba. Rasi ya Ubwari inaukinga na mawimbi makubwa, na maboti yanashukuru. Lakini maji yaliyotulia hayapeleki uchafu mbali. Mvua ikinyesha, kila kitu kilichotupwa kwenye mitaro na vijito kinashuka ghubani, na Ziwa Tanganyika si mto wa kupitisha. Lina kina cha karibu mita 1,470 na mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa jua. Jua linanyanyua maji, plastiki linaiacha. Mfuko unaelea, chupa nzito iliyojaa maji inazama, na vyote vinabaki mahali ambapo wavuvi wanatafuta ndagala na mikeke.

Tena si uchafu wa Baraka peke yake. Bukavu hutupa taka zake Ziwa Kivu, maji yanatoka kwa mto Ruzizi, na Ruzizi inaingia Tanganyika. Pale kwenye bwawa la Ruzizi wafanyakazi wa SNEL wamekuwa wakitoa milima ya chupa na mifuko mbele ya mitambo, maana plastiki inaziba na umeme unakatika. Mji wa zaidi ya watu milioni moja unakaa gizani kwa sababu ya sashe ya kufungia mandazi! Anayesema taka ni jambo dogo na aulize watu wa Bukavu.

Kuna watakaosema: watu wanakimbia risasi, wanalala chini ya bashe, na ninyi mnaongea habari za chupa. Neno hilo lina uzito, na halifai kujibiwa kwa dharau. Lakini kipindupindu si mgeni katika ukanda huu. Kutoka Uvira hadi Fizi na Kalemie, ugonjwa huo unahesabiwa miaka mingi kati ya ile isiyoondoka kabisa. Chupa yenyewe haileti kipindupindu. Inaziba mtaro, mtaro unafurika, maji yanapita chooni, halafu yanashuka mpaka pale mama anapochota kwa bidoni. Mwenye kisima na dawa ya kusafisha maji atapona. Aliyehama makwao na anayechota ziwani, au mkimbizi wa Burundi wa Lusenda au Mulongwe siku ambayo maji ya bomba yamekosekana, huyo ndiye wa kwanza kulazwa. Kwa hiyo taka ya kampasi ni jambo la waliohama kuliko la mtu mwingine yeyote.

Halafu kuna jambo ambalo wenye kuandika miradi hawapendi kulitazama. Kuchakata taka Baraka hakujasubiri inivesite. Mama anayeuza mafuta ya mawese anayapima kwa chupa iliyokwisha kutumika. Kadhafi anauza petroli kando ya njia kwa chupa hizo hizo. Fundi wa mbabula anakata bati la zamani, kopo linageuka kuwa taa, na bidoni iliyopasuka inakatwa kuwa beseni. Mtoto wa familia iliyokimbia anazunguka akiokota chupa, anaziosha, anauza, na jioni nyumbani kuna chumvi. Watu hawa hawana fulana wala bendera ya mfadhili, lakini wao ndio mradi wenyewe.

Sasa kampasi ikikusanya chupa zake zote, ikazifungia stoo zikisubiri gari ambalo halitakuja, imefanya nini? Imemnyang'anya mtoto yule chumvi yake kwa jina la mazingira. Mradi unaoanza kwa kuwafukuza waokotaji langoni ni wizi, hata ukiwa na karatasi zenye mihuri.

Njia nyingine ipo, na imejaribiwa na watu wenye shida kama za Kivu. Bukavu, Nicole Menemene na shirika lake Plastycor wanachukua plastiki iliyotupwa, ile inayochafua Ziwa Kivu, na kuifuma vikapu. Gulu, kaskazini ya Uganda, mji uliozungukwa miaka mingi na kambi za watu waliokimbia vita vya LRA, Peter Okwoko na Paige Balcom walianzisha Takataka Plastics. Balcom alikuwa mwanafunzi wa uhandisi Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hawakuridhika na kukusanya chupa ili zisafirishwe nje. Waliunda mashine za kufanyia kazi pale pale Gulu, wakatengeneza vigae vya ukutani, vitu ambavyo mjenzi wa mji ule ananunua. Na kazi wakawapa pia vijana waliokuwa wakiishi barabarani. Hapo inivesite ilikuwa na maana: ilileta ufundi, si rangi ya pipa.

Tahadhari moja, kwa sababu vijana wa hapa wana bidii na wanaona video kwenye simu. Kuyeyusha plastiki ndani ya sufuria juu ya moto wa kuni, bila kujua ni plastiki ya aina gani na bila kinga, si uvumbuzi. Ni kujitia sumu. Asistenti anayewaruhusu wanafunzi kufanya hivyo nyuma ya darasa ajue anachokifanya.

Wakati mashine haipo, kazi kubwa inaweza kuanza bila faranka nyingi, na haihusu plastiki kabisa. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilionyesha mwaka 2018 kwamba asilimia 57 ya taka za miji ya Afrika chini ya Sahara ni vitu vya kuoza: maganda, majani, mabaki ya chakula. Zaidi ya nusu! Ripoti hiyo hiyo inasema asilimia 4 tu ya taka za Afrika ndizo zinazochakatwa. Basi kampasi ichimbe mashimo ya mbolea, kazi ya jembe na salongo ya Jumamosi. Wanafunzi wa kilimo wanaoandika kazi zao za mwisho wa masomo juu ya udongo wapate udongo wa kweli wa kupima. Mbolea ikiiva, wapewe mama waliohama makwao wanaokodi vipande vya shamba kulima lengalenga na nyanya. Taka ya kuoza ikitoka ndani ya pipa, chupa zinabaki safi, na chupa safi ina bei. Hapo sasa kampasi ifungue lango kwa waokotaji, iweke mizani, na ibandike ukutani bei ya kilo na daftari la malipo, mtu yeyote asome.

Jambo la mwisho ni sheria, nalo ni la aibu. Amri namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017, iliyotiwa sahihi Kinshasa, inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko, sashe na vifungashio vya plastiki. Rwanda ilifanya hivyo mwaka 2008, Kenya mwezi Agosti 2017, na ng'ambo ya Ziwa, Tanzania imekataza mifuko hiyo tangu tarehe 1 Juni 2019. Mfanyabiashara wa Baraka anayevuka kwenda Kigoma anaiheshimu sheria ya Tanzania. Akirudi, ya kwake haimsumbui mtu. Serikali ya mji ina lawama yake hapo, na polisi pia. Lakini inivesite inayofundisha sheria, halafu kantini yake inafungia mandazi kwa sashe nyeusi chini ya dirisha la rekta, haiwezi kumwambia mama wa sokoni kitu. Uamuzi wa kuzuia sashe zisipite lango la kampasi hauhitaji mfadhili, mtaalamu kutoka nje, wala amani kurudi milimani. Unahitaji sahihi moja, na kantini inayouza kwa sahani au kwa kikapu.

Komite ya wanafunzi inayotaka kuanza ina kazi ya siku saba kabla ya kununua rangi yoyote. Itandike bashe uwanjani, imwage hapo taka ya kila siku, ivae glavu, itenganishe, ipime na kuandika: maganda kilo ngapi, chupa ngapi, sashe ngapi, na kila kimoja kinachukuliwa na nani na kwa bei gani. Kwenye orodha hiyo wawepo waokotaji wenyewe, na mama wa mawese, maana bei wanaijua wao. Kisha daftari liende kwa rekta na kwa ofisi ya meya, na nakala ibaki pale langoni.