Kijana akitoka mahabusu, mpeleke akapimwe

Mwezi uliopita mzee mmoja kutoka Mgeta alinijia kliniki hapa Morogoro akiwa na mpwa wake wa miaka 17. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akamwambia kijana asubiri nje. “Daktari,” akasema, “huyu mtoto ametoka ndani wiki mbili sasa. Hali vizuri, hazungumzi, na akienda msalani anachukua muda mrefu mno.” Wanaowafahamu Waluguru hawatashangaa kwamba aliyekuja alikuwa mjomba, si baba.

Kijana alikamatwa karibu na stendi ya Msamvu kwa tuhuma za wizi wa simu, akawekwa mahabusu majuma kadhaa, kisha akaachiwa. Nilipobaki naye peke yake, alinieleza kwamba akikojoa anasikia moto na anatokwa na usaha. Alikuwa amenunua vidonge vya rangi mbili dukani, akameza vinne, usaha ukapungua, akaacha. Tulipompima, tulikuta kisonono na kaswende.

Usaha ulianza kabla hajakamatwa. Kwa majuma yote yale alikuwa mikononi mwa watu wazima wenye dhamana naye, akala kwao na kulala kwao, akatoka na ugonjwa wake vilevile. “Hakuna aliyeniuliza,” aliniambia. “Na mimi ningeanzaje kumwambia askari?”

Mzazi mwenzangu, kijana wa umri huu haji kliniki kwa hiari yake. Mama mjamzito tunamwona, mtoto mchanga tunampima uzito kila mwezi, lakini mvulana wa miaka 16 anayeuza maji stendi hatumwoni mpaka avunjike mguu. Akiingia mahabusu, kwa mara ya kwanza tunajua alipo, asubuhi na jioni. Kuipoteza nafasi hiyo ni uzembe. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu watoto walionyimwa uhuru zinasema kila mtoto ana haki ya kuchunguzwa na daktari mara anapopokelewa. Hapa mkoani tuna Gereza la Vijana Wami, wilayani Mvomero. Mikoa mingine ina mahabusu za watoto. Na kila mji una selo za polisi. Kote huko upimaji wa magonjwa ya ngono uwe sehemu ya mapokezi, na matibabu yakamilike kabla kijana hajafunguliwa mlango.

Wengine huniambia, “Daktari, si atasema mwenyewe akiumwa?” Hapana. Wengi wenye klamidia hawasikii chochote, hasa wasichana, huku mirija ya uzazi ikiharibika kimyakimya. Kidonda cha kaswende hakiumi, na hupona chenyewe huku ugonjwa ukibaki mwilini. Ndiyo maana kutibu kwa kufuata dalili pekee hakutoshi kwa vijana hawa.

Wala si jambo la gharama kubwa. Kuna kipimo kimoja kinachotumia tone la damu ya kidole na kutoa majibu ya VVU na kaswende kwa pamoja kabla hujamaliza chai yako. Mashine za GeneXpert tunazopimia kifua kikuu zinaweza pia kupima klamidia na kisonono kwenye mkojo, zikipewa vifaa vyake. Kaswende ya mwanzo hutibiwa kwa dozi moja ya sindano ya penisilini. Faida yake sisi Watanzania tuliionyesha dunia zamani: utafiti uliofanyika Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa haya katika vituo vya afya vya vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40.

Lakini sitaki vijana wapangwe mstari na kupimwa kama adhabu. Kijana aelezwe, akubali au akatae, na majibu yake yasiingie kwenye jalada la kesi wala midomoni mwa askari wa zamu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Aliye chini ya hapo anakuhitaji wewe. Kwa hiyo afisa ustawi wa jamii akikupigia simu, pokea. Nafahamu aibu ya kuambiwa mwanao yuko ndani. Nimeona wazazi wakizima simu kwa sababu yake. Mtoto anaendelea kuugua huku simu imezimwa.

Jambo jingine ni zito zaidi. Ugonjwa wa ngono kwa mtoto unaweza kuwa alama ya kuumizwa, nyumbani, mtaani au humo humo mahabusu, na wavulana nao huumizwa. Usianze na “ulifanya nini?” Muulize kama kuna mtu alimfanyia jambo asilolitaka, kisha nyamaza umsikilize. Ikiwa limetokea karibuni, kimbilia hospitali: dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Simu kwa Mtoto ni namba 116, na haitozwi.

Yule kijana nilimuuliza kama mjomba aambiwe. Alifikiri sana, akasema, “Mwambie wewe.” Mzee alisikiliza akiwa ameshika kofia yake magotini, akauliza swali moja tu: “Anapona?” Nikamjibu kwamba anapona. Kijana alichomwa sindano zake siku hiyo, nikamwomba amlete mwenzake.

Alikuja naye Alhamisi, binti wa miaka 19 mwenye mimba ya miezi minne, ambaye hakuwa amefika kliniki ya wajawazito hata mara moja. Kaswende ya mama huweza kuua mtoto angali tumboni. Kipimo chake nacho kilisoma kaswende, naye akachomwa sindano asubuhi ileile.