Mvulana Nje, Msichana Ndani: Malezi ya Eastlands

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini wahenga hao waliishi katika nyumba zenye ua na vyumba vya ndani, wala hawakulea watoto sita katika chumba kimoja chenye pazia katikati. Ndiyo sababu sisi wa pwani hukosea mara nyingi tunapowahukumu watoto wa ndugu zetu wanaokulia mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi.

Shule zikifungwa, watoto hao huletwa Mombasa, Malindi au Lamu kwa babu na nyanya zao. Msichana akifika hutoa shikamoo, hubusu mkono, kisha huingia jikoni bila ya kuambiwa. Nduguye wa kiume husema "niaje", hukaa kidogo, na mara hayupo. Ametoka kutafuta vijana wenziwe. Basi wazee barazani hukata shauri papo hapo: wa kike ana haya ya kuzaliwa nayo, na wa kiume ni mkorofi kwa maumbile yake.

Kwamba Mwenyezi Mungu ameumba wa kiume na wa kike wakiwa na tofauti zao, hakuna Mwislamu atakayebisha. Wavulana wadogo, popote walipo, huzidi kupenda michezo ya kukimbizana na kuangushana. Lakini lau kama ukorofi huu ungekuwa wa maumbile peke yake, mvulana wa Lamu na yule wa Dandora wangelikuwa sawa. Hawako sawa. Hapana budi, basi, tutazame mahali wanapokulia.

Pumwani, mtaa ulioanzishwa mapema katika miaka ya 1920 na ambao tangu hapo umekuwa na Waislamu wengi, ulijengwa wakati serikali ya kikoloni ilipomtaka Mwafrika awe Nairobi kwa kazi tu, huku mkewe na watoto wakibaki mashambani. Nyumba nyingi za mitaa ya mwanzo zilikuwa vyumba vya makapera. Baadaye Dandora, katika mpango ulioanza miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, watu walipewa viwanja vyenye choo na bafu wajijengee wenyewe. Wengi wakajenga vyumba na kuvipangisha kimoja kimoja. Ukoloni umekwisha, lakini jamaa nzima bado inalala katika chumba kilichopimwa kwa mtu mmoja.

Hapa ndipo linapozuka jambo ambalo sisi Waislamu yafaa tulifikiri sana. Tumefunzwa kwamba mtoto aamrishwe sala akiwa na miaka saba, na akifika miaka kumi watoto watengwe malalo. Pwani, mzazi humtafutia mwanawe kitanda chumba cha pili, au kwa ami yake nyumba ya jirani. Eastlands hakuna chumba cha pili. Mzazi anayetaka kulinda haya hubaki na njia moja: mvulana aondoke. Atalala kwa rafiki, au vijana wanne watachanga kodi ya kibanda. Amri iliyokusudiwa kumhifadhi mtoto hugeuka mlango wa kumtoa nje angali mdogo.

Huko nje hulelewa na maskani ya vijana, ambayo wao wenyewe huiita "bezi". Humo hujifunza Sheng, lugha iliyokulia katika mitaa hiyo hiyo na ambayo maneno yake hubadilika kila kukicha, hata mtu akajulikana mtaa wake kwa namna asemavyo. Hujifunza kupakia mizigo Gikomba na kupigia matatu debe. Hujifunza pia ukarimu wa kugawana chapati moja watu watatu. "Niaje" yake kwa babu si dharau. Ndiyo salamu ya waliomlea.

Na msichana? Yeye huwekwa ndani. Hupanga foleni ya maji, hubeba mdogo wake mgongoni, huwasha jiko, na siku nzima husikia mazungumzo ya mama na majirani, kwa hiyo Kiswahili chake hutulia. Tunauita huo upole. Lakini pengine ni uchovu tu. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianza mwaka 1987 na wavulana. Kilipowaita wasichana nao mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikwazo kikubwa kilikuwa kazi za nyumbani, kwani mama hakuwa na mwingine wa kumsaidia. Walipopata nafasi ya kuingia uwanjani, walicheza na kupiga kelele kama kaka zao.

Mambo haya si ya adabu tu. Mwaka 2011 ripoti ya Umoja wa Mataifa ilieleza jinsi vijana wa Majengo, Pumwani, walivyokuwa wakiandikishwa kwenda kupigana Somalia. Mwaka 2017 kituo cha haki za jamii cha Mathare kilitoa ripoti juu ya vijana waliouawa na polisi bila ya kufikishwa mahakamani, wengi wao wakiwa wanaume. Anayeandikisha na anayepiga risasi wote humkuta kijana mahali pamoja: nje, saa ambazo mzazi hajui aliko.

Nasi tusijisifu. Mombasa nayo ina maskani zake, na unga umewamaliza vijana tuliokuwa tukiwaona chuoni.

Lipi la kufanya? Kwanza, mvulana apewe kazi ya nyumbani. Anayeona ni aibu kwa wa kiume kushika ufagio akumbuke alivyosimulia Bibi Aisha, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Pili, msichana apunguziwe mzigo apate saa ya kusoma na ya kucheza. Tatu, ikiwa lazima mvulana alale nje, baba ajue ni kwa nani, na asubuhi waonane msikitini. Misikiti yetu na iache milango wazi baada ya chuo, iwe na taa na meza za kusomea.

Na mjukuu wa Nairobi ajapo likizo na kusema "niaje, babu", tusimfukuze barazani. Aitikiwe, afundishwe shikamoo kwa upole, kisha aonyeshwe kitanda chake. Huenda ikawa ni mara yake ya kwanza mwaka huo kuambiwa kwamba ndani mna nafasi yake.