MANOWARI KUUKUU IKIZAMISHWA, NANI ALIYEISAFISHA?



Wako watakaouliza: Watu wa reli wana shauri gani na meli za baharini? Twajibu kwamba tunalo. Chuma ni chuma, kiwe juu ya reli au kiwe majini, na mtu anayekibomoa kikiisha kuzeeka ni mfanya kazi kama sisi.

Katika nchi nyingi imekuwa desturi, manowari ikiisha kustaafu, kuivuta mpaka mahali palipochaguliwa na kuizamisha makusudi kwa baruti. Si kuitupa tu. Samaki huja wakakaa ndani yake, viumbe vya bahari hushika katika chuma, na wapiga mbizi hulipa fedha kwenda kuitazama. Hata kwetu Mombasa, mwaka 2002, ilizamishwa meli iitwayo Dania kwa kusudi hilo. Hiyo haikuwa manowari bali meli ya kuchukua ng'ombe, lakini shauri ni moja. Basi jambo hili si geni kwetu, na laweza kuja tena.

Hatusemi kwamba ni jambo baya. Watu wa mashua hupata kazi, na wenye hoteli hupata wageni. Tunalotaka kusema ni hili: kazi kubwa si ile ya kuzamisha, ambayo wakubwa huja kuitazama na kupiga picha. Kazi kubwa ni ile ya kusafisha, ambayo hakuna anayekuja kuitazama. Na isipokuwa watu wanaohusika wamepewa nafasi ya kusema kabla, ni rahisi sana kazi hiyo ifanywe nusu.

Tazameni habari za manowari ya Australia iitwayo Adelaide. Ilistaafu mwaka 2008, na Serikali ikaazimia kuizamisha karibu na pwani ya Avoca, kaskazini ya mji wa Sydney, mwezi wa Machi 2010. Ilikuwa imekwisha kusafishwa, na wakubwa walisema iko tayari. Lakini wakazi wa pwani ile hawakuridhika. Walifanya umoja wao, wakapeleka mashtaka yao mbele ya baraza la sheria, wakauliza: Je, nyaya za umeme zilizobaki ndani hazina sumu? Je, rangi ya risasi inayobambuka itakwenda wapi? Baraza likasimamisha kazi ile na kusikiliza pande zote mbili. Mwisho likaamua kwamba meli yaweza kuzamishwa, lakini kwanza iondolewe nyaya na vitu vingine vilivyobaki, na rangi iliyokuwa ikibambuka ikwanguliwe.

Ikafanywa hivyo. Tarehe 13 Aprili 2011 baruti ikalia, na katika muda wa dakika mbili hivi meli ikaenda chini, zaidi ya mita 30. Wapiga mbizi wakaanza kwenda.

Sasa, ndugu zetu, pimeni jambo hili. Tunaambiwa kila siku kwamba watu wakiuliza maswali wanachelewesha maendeleo. Hapa maswali yalichelewesha kazi mwaka mmoja na kidogo. Nani aliyepata hasara ya kudumu? Meli iko chini, samaki wamo, wageni wamekwenda, na sumu ile iliyoondolewa haimo. Kama wale watu wangalinyamaza, ingalizama pamoja na meli, na hakuna fundi ambaye angeweza kuifuata kule chini kuitoa.

Marekani mambo yalikuwa mengine. Mwaka 2006 walizamisha manowari kubwa iliyochukua ndege, jina lake Oriskany, mbali kidogo na Pensacola katika jimbo la Florida. Kusafisha na kuzamisha kuligharimu karibu dola milioni 20. Hata hivyo waliacha ndani yake, kwa ruhusa ya Serikali yao, zaidi ya kilo 300 za sumu iitwayo PCB, iliyokuwa imeshika katika vifuniko vya nyaya. Baadaye samaki wa mahali pale walipopimwa, baadhi yao walionekana kuwa nayo. Ikiwa nchi tajiri namna ile ilisema kuitoa yote ni kazi ghali mno, je, nchi yenye fedha kidogo itasema nini?

Na msidhani kwamba mambo haya ni ya meli peke yake. Tangu mwaka 2001 mji wa New York ulitoa mabehewa yake makuukuu ya reli ya chini ya ardhi, zaidi ya 1,000, yakatumbukizwa baharini mbele ya jimbo la Delaware na majimbo mengine yawe makao ya samaki. Ndani ya kuta za mabehewa yale mlikuwa na asbesto. Iliachwa humo, kwa sababu ilisemekana kwamba asbesto ikiwa majini haidhuru. Yawezekana ni kweli kwa samaki. Lakini kabla ya behewa kufika majini, kuna mtu aliyelifungua, akatoa milango na magurudumu.

Asbesto si kitu cha mbali kwetu. Ilifungwa juu ya boila za injini za mvuke kuzuia moto usipotee, na katika manowari za zamani ilizungushwa juu ya mabomba kwa sababu ile ile. Vumbi lake halinuki wala haliwashi. Mtu hulivuta leo akaenda nyumbani mzima, na ugonjwa wa mapafu humjia baada ya miaka 20, 30 au hata 40, wakati amekwisha kupewa mkono wa kwaheri kazini. Hata wake waliofua nguo za waume zao wameugua katika nchi nyingine. Basi kibarua wa siku tatu aliyepewa nyundo na tambara la kufunga puani, miaka 30 baadaye atamdai nani?

Kwa hiyo twasema mapema, kabla shauri lolote la namna hii halijaletwa pwani yetu. Kwanza, orodha ya vitu vyote vya sumu vilivyomo melini isomwe mbele ya wafanya kazi na wavuvi, kwa lugha wanayoifahamu. Pili, wanaosafisha wapewe mavazi ya kweli na vifuniko vya kweli vya pua, na majina yao yaandikwe na kuwekwa, ili mgonjwa wa baadaye aweze kuonyesha kwamba alikuwapo. Tatu, wavuvi waulizwe mahali, maana jarife likinasa katika chuma halirudi, na mwenye jarife si mwenye hoteli.

Haya hayataki fedha nyingi kuliko baruti. Yataka watu wawili watatu wa kila chama kuketi mezani kabla ya siku kupangwa. Wale wa Avoca hawakuwa na cheo chochote. Walikuwa wakazi tu, lakini walikuwa pamoja, na walisema wakati meli ingali inaelea.