Fizi na Baraka: kijana anayetaka kusomea kazi ya kunyoosha mgongo na viungo aanzie wapi?

Kila mwaka diplome ya Serkali ikisha kutoka, swali ni lile lile katika nyumba za Baraka, Mboko, Fizi-centre na Misisi: mtoto asomee nini? Wengi wanajibu unganga, ualimu, sheria ao ukulima. Siku hizi kumeingia jibu jipya. Vijana wanatazama video kwenye simu, wanaona mtaalamu wa ng'ambo anageuza shingo ya mgonjwa, mifupa inalia, mgonjwa anainuka anacheka. Wanauliza: ile kazi inaitwa namna gani, na inasomewa wapi?

Inaitwa kiropraktiki. Jibu fupi ni kwamba Kongo haina chuo cha kazi hiyo. Lakini kuna jibu lingine ambalo wazazi na wakubwa wa wilaya wanapaswa kulisikia. Kazi iliyo ndugu ya kiropraktiki, yaani kinezitherapi, ambayo kwenye hopitali watu wanaita tu "kine", inafundishwa katika Kongo na kwa majirani, na njo inakosekana sana huku kwetu. Kijana anayeanza masomo hayo leo hatakosa wagonjwa. Anachoweza kukosa ni njia ya kufika chuoni, na mafasi ya kazi akirudi.

Wagonjwa wako, mwenye kuwahudumia hayuko

Mtu haitaji takwimu ili ajue ginsi migongo inaumia Fizi. Mama anatoka shambani na mzigo wa mihogo, juu yake kuni, mgongoni mtoto. Mvuvi wa ndagala anavuta nyavu usiku mzima. Mchimba zahabu wa Misisi anashinda ameinama ndani ya shimo. Mwenye kuendesha motari anatikiswa na mashimo ya barabara toka Baraka mpaka Lulimba. Shirika la Afya Duniani (OMS) linahesabu kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, yaani mtu 1 kati ya 13.

Tena si mgongo peke yake. Kuna aliyepigwa risasi, akapasuliwa, akapona kidonda, lakini goti halikunji tena. Kuna mzee aliyepooza upande moja juu ya presha. Kuna mtoto aliyezaliwa na miguu iliyopinda, na mwingine aliyechomwa sindano ya kinini tako, ikagusa mshipa wa fahamu, akaanza kuburuta mguu. Hawa wote wakisha kutoka mikononi mwa daktari, kazi imefika nusu tu. Mguu uliokaa ndani ya plasta wiki sita unatoka umekonda na umekauka. Shurti mtu aliyesoma aufundishe kutembea upya, kila siku, kidogo kidogo. Bila ile kazi, operesheni nzuri inaweza kumwachia mtu kilema.

OMS inasema kwamba katika inchi fulani za kipato kidogo, wataalamu wa kurudisha viungo katika kazi hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Katika Kivu, vituo vinavyojulikana viko mbali: Heri Kwetu mjini Bukavu na Shirika la Umoja mjini Goma, ambavyo Msalaba Mwekundu wa kimataifa (CICR) umevisaidia kwa kazi ya viungo vya bandia na mazoezi. Kwa mtu wa Kazimia ao Kilembwe, Bukavu ilikuwa safari ya taabu hata wakati wa amani. Tangu Goma ianguke mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari 2025, mikononi mwa AFC/M23, safari ile inapita kwenye mistari ya vita.

Pale pasipo mtaalamu, kila mkono unavuta

Mahali pasipo kine, watu wanaenda kwa mwenye kunyoosha mifupa wa kijiji. Si haki kumcheka. Yeye yuko karibu, anakubali kulipwa franka kidogo ao kuku, na anamsikiliza mgonjwa katika luga yake. Misuli iliyokazana inaweza kulegea kwa mkono wake.

Hatari iko katika mgongo usioonyesha ugonjwa wake. Kifua kikuu hakikai paka kwenye mapafu. Kinaweza kula mifupa ya mgongo. Mgonjwa anaumwa miezi mingi, anakonda, usiku anapata homa na jasho, halafu mgongo unaanza kutoa kinundu. Mgongo kama ule ukisukumwa kwa nguvu, unaweza kubana kamba ya fahamu inayopita ndani yake, na miguu ikafa. Ni vile vile kwa mfupa uliovunjika bila kujulikana. Shingo nayo, ikigeuzwa kwa nguvu, inaweza mara moja moja kuumiza mshipa wa damu unaopanda kichwani.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho mwanafunzi wa kazi hii ananunua kwa miaka yake ya masomo ni ile akili ya kujua ni mgongo gani asiuguse. Video za simu hazionyeshi hiyo. Mwenye maumivu ya kiuno akianza kushindwa kuzuia mkojo, ao miguu ikapoteza nguvu, ao akiwa na homa na kukonda, dawa yake ya kwanza ni hopitali.

Kiropraktiki na kine: wapi vinatofautiana

Kiropraktiki ilianza Marekani. D.D. Palmer aliifanya mara ya kwanza mwaka 1895 katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, na miaka miwili nyuma akafungua shule. Leo, kufuatana na maelekezo ya OMS ya mwaka 2005, mtu anayeanza bila msingi wa udaktari anapaswa kusoma miaka minne kamili, saa zisizopungua 4.200 mbele ya walimu, na ndani yake saa 1.000 za kutibu wagonjwa chini ya macho ya mkubwa wa kazi. Katika Afrika, vyuo vikuu viwili vya Afrika Kusini njo vinajulikana kwa masomo haya: Durban University of Technology na University of Johannesburg. Masomo yanafika mpaka digrii ya master, na yote ni kwa Kiingereza.

Kine ana uwanja mpana zaidi. Anashika mgongo, lakini pia aliyepooza, aliyekatwa mguu, mtoto aliyechelewa kukaa, mama aliyetoka kuzaa, na mwenye mapafu yaliyojaa. Katika Desemba 2023 OMS ilitoa mashauri juu ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu: mazoezi ya mwili, kumuelimisha mgonjwa, na hata kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, vyote vilikubaliwa kuwa na faida kwa watu fulani. Mikanda ya kiuno, kuvutwa kwa mizigo, na dawa kali za jamii ya afyuni havikupendekezwa. Mkono unaolilisha mfupa kwenye video ni sehemu ndogo ya matunzo. Kwa wilaya kama Fizi, kine ana kazi nyingi zaidi, na masomo yake yanafikika zaidi.

Mwaka wa kwanza haufanani na video

Wengi wanaoanza wanashangaa kwamba mwaka wa kwanza unaweza kupita bila kugusa mgonjwa. Wanakutana na mifupa 206 ya mwili, jina la kila mmoja, msuli gani umeshikwa wapi, mshipa gani unapita chini yake. Uti wa mgongo peke yake una pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno. Kuna fizikia, kemia, na jinsi moyo na mapafu vinavyofanya kazi. Aliyesoma humanités za ualimu ao biashara anaweza kulia hapa kuliko aliyetoka bioloji-kemia. Mambo haya hayafichiki kabla. Yanajulikana, na mzazi anaweza kuyapima mapema.

Halafu mikono inaanza kufundishwa, na mgonjwa wa kwanza ni mwanafunzi mwenzako. Unavua shati, unalala kwenye meza, mwenzako anatafuta kwa vidole pingili ya saba ya shingo, ile inayotokea ukiinamisha kichwa. Kesho ni zamu yako. Kwa kijana aliyekulia katika adabu ya nyumbani, zaidi kwa binti, hii inaweza kuleta haya. Walimu wazuri wanaweka sheria: kuomba ruhusa kabla ya kugusa, kufunika sehemu ambazo hazina kazi. Ni somo lenyewe, juu ya kesho mgonjwa wake atakuwa mama mkwe wa mtu.

Njia za kutoka Fizi

Katika Kongo, Chuo Kikuu cha Kinshasa (UNIKIN) kinafundisha kazi hii ndani ya fakulte yake ya udaktari. Lakini kutoka Baraka hakuna barabara nzuri ya kufika Kinshasa; mtu anahitaji ndege, na viwanja vya Goma na Kavumu vimeingia ndani ya vita. Kwa hiyo macho yanageukia majirani. Rwanda ina masomo ya kine katika University of Rwanda, Tanzania iko na KCMC mjini Moshi, Uganda ina chuo kikuu cha Mbarara, Kenya ina vyuo vya KMTC. Kote huko kufundisha ni kwa Kiingereza. Aliyesoma humanités kwa Kifaransa shurti ahesabu miezi ya luga juu ya gharama ya safari, nyumba na minervali.

Kuna makaratasi pia. Inchi ya kigeni itataka diplome ya Serkali ilinganishwe na cheti chake kabla ya kumpokea mwanafunzi. Akirudi, Wizara ya Elimu ya Juu mjini Kinshasa nayo itataka ailinganishe digrii yake na ya Kongo. Asiyefikiria mlango wa kurudilia anaweza kumaliza miaka minne na kukuta kazi ya hopitali ya serkali imefungwa kwake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Vyuo vingi vinafunguliwa, na kibao kikubwa mlangoni si ruhusa. Mzazi anaweza kwenda na maswali manne. Serkali imekubali filiere hii yenyewe, ao imekubali chuo tu? Wanafunzi wanafanya staji katika hopitali gani, na ni nani anawasimamia? Walimu wa mazoezi ya mikono ni makine wenyewe, ao ni waganga wa kazi nyingine? Waliomaliza wako wapi leo? Chuo kisicho na jibu la swali la pili kinauza karatasi. Vile vile kwa mafunzo ya wiki mbili ao ya kwenye simu, yanayoahidi cheti cha kunyoosha mgongo: linganisha na zile saa 1.000.

Kazi si ya mzazi peke yake

Familia moja ya Mboko haiwezi kubeba mzigo huu yenyewe. Wilaya ya Fizi ina zone za afya kama Fizi, Nundu na Kimbi-Lulenge, na mashirika ya misaada yamepita hapa miaka mingi yakijenga, yakileta dawa, yakiondoka. Kusomesha vijana watatu, moja kwa kila zone kati ya hizi tatu, kwa mkataba wa kurudi kufanya kazi miaka fulani, si mradi mkubwa mbele ya mingine iliyokwisha kupita. Lakini mkataba uwe na pande mbili: kijana anaahidi kurudi, na zone inaahidi chumba, meza, na mshahara. Bila upande wa pili, atakayesoma Moshi ao Kigali atabaki huko, na hakuna atakayeweza kumlaumu.

Mpaka siku hiyo, mama mwenye mzigo wa mihogo ataendelea kwenda kwa yule aliye karibu. Yule aliye karibu naye anaweza kufundishwa na zone jambo moja ambalo halina gharama kubwa: dalili za mgongo usioguswa, na njia fupi ya kumpeleka mgonjwa hopitali.