Meli Ikija Mji Unajaa, Ila Mfuko Je?

Mtandaoni wengi wanaijua Ísafjörður kwa picha tu: milima, nyumba za rangi, na meli nyeupe kubwa kuliko mtaa. Mji huu wa wavuvi, kaskazini magharibi mwa Iceland, hauna hata watu 3,000. Meli moja ya kitalii inaweza kushusha zaidi ya hao asubuhi moja.

Wapo wanaosema wenyeji washukuru tu, hela imekuja. Kweli, bandari inalipwa. Na tangu Iceland iweke mgawo wa samaki mwaka 1984, kisha mgawo wenyewe ukaanza kuuzwa, vijiji kadhaa vya huko vilibaki bila samaki wala kazi. Hela ya meli sio ya kudharau.

Ila abiria kashakunywa chai melini, chakula cha jioni kinamsubiri hukohuko. Mjini anaacha msongamano, na mwingine anachungulia dirisha la watu apate picha.

Tangu 2025 serikali inatoza meli ada kwa kila abiria. Poa, lakini ada haipunguzi watu barabarani. Mji ukisema "leo meli moja, basi", hiyo sio roho mbaya. Mwenye nyumba ndo anajua ana vikombe vingapi.

Ingekuwa mtaani kwenu, ungesemaje?