Amana na Sanduku la Kufuli Tatu

Ndugu zetu Waislamu, na hasa ninyi vijana mnaoanza kushirikiana katika kazi,

Wako watu wadhanio ya kuwa kumwuliza mwenzio hesabu ni kumtuhumu wizi. Kijana akichaguliwa kushika fedha za wenzake, kisha akaambiwa, "Lete daftari tulitazame," hununa akasema, "Kumbe hamniamini!" Fikira hii imevunja ushirika wa watu wengi.

Hapa kwetu Singida, katika vijiji vya wakulima wa alizeti na vitunguu, viko vikundi vya kuweka na kukopa. Asili ya mtindo wake ni nchi ya Niger, ambako shirika la CARE liliuanzisha mwaka 1991. Fedha hutiwa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali, na mtunza sanduku hana hata mmoja. Halifunguliwi ila mbele ya wanachama wote. Fedha huhesabiwa kwa sauti, na baki hutajwa ili kila mtu aondoke nayo kichwani. Hata bibi asiyejua kusoma aweza kusema mkutano ujao, "La, mwanangu, haikuwa hivyo." (Ile ziada itozwayo juu ya mikopo katika vikundi vingi ni habari ya riba, nayo yataka makala yake.)

Mtunza sanduku huyo alala usingizi. Fedha ile ni ada za watoto na mbegu za msimu ujao, lakini ikipungua hata shilingi moja, nani atamnyoshea kidole naye hakuwa na ufunguo? Kufuli zamlinda yeye kama ziilindavyo fedha.

Wala jambo hili si geni katika dini yetu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Na waliofundishwa kwanza walikuwa Masahaba, watu waaminifu kutupita sisi sote.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yataka vikundi hivi viandikishwe. Ni vizuri, lakini kuandikishwa hakutawahesabia fedha zenu. Anzeni na faini ya kuchelewa. Mwenyekiti akichelewa, na alipe mbele ya watu kama mwingine yeyote. Akisamehewa kwa ajili ya mvi zake, juma lifuatalo mtamngoja nusu ya kikundi.