Deni halilipwi kwa njaa ya watoto

Kuna ushauri unaorudi kila mara redioni, kwenye semina za ujasiriamali na kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, na wiki hii umerudi kwa kishindo: familia yenye madeni ibane matumizi, na kubana kuanzie jikoni. Nyama iondoke, maziwa ya watoto yapungue, chai iwe ya rangi, mlo wa mchana ufutwe na wote wasubiri ugali wa jioni. Anayeutoa huutoa kwa sauti ya mtu aliyeona mbali, na wasikilizaji huitikia kwa vichwa. Mimi unaniudhi, na sitaficha. Nidhamu ya fedha naitaka, na nyumba yenye deni lazima ipunguze matumizi; hilo halina mjadala. Ninachokikataa ni mpangilio wake. Anayekata sahani ya mtoto kabla hajagusa riba, kabla hajagusa kadi za michango, na kabla hajamweleza mwenzake ukweli wa anachodaiwa, bado hajaanza kulipa deni. Amelihamishia tu kwa watu ambao hawakukopa.

Tupige hesabu, maana jambo hili linaamuliwa na hesabu kuliko mawaidha. Chukua mfano wa nyumba inayodaiwa shilingi 500,000 na mkopeshaji wa mtaani anayetoza asilimia 20 kwa mwezi, katika ile mikopo ambayo Tanzania nzima inaiita kausha damu. Riba ya mwezi mmoja ni shilingi 100,000. Mama wa nyumba anajifunga kibwebwe: alikuwa akienda sokoni na 10,000 kwa siku, sasa anakwenda na 7,000. Siku 30 zikiisha ameokoa 90,000. Ameokoa kwa kuchanganya dagaa na maji mengi, kwa kumnyima mdogo maziwa, kwa yeye mwenyewe kula ukoko. Anazipeleka zote kwa mkopeshaji, na hazitoshi hata riba. Deni sasa ni 510,000. Chukua 90,000 hizohizo, nyumba hiyohiyo, lakini deni liwe limehamia mahali panapotozwa asilimia 3.5 kwa mwezi, kiwango ambacho Benki Kuu ya Tanzania imekiweka kuwa ukomo kwa wakopeshaji wa daraja la pili. Riba ya mwezi wa kwanza inakuwa 17,500, na 72,500 zinapunguza deni lenyewe. Mwezi wa saba deni limekwisha. Jasho la mama ni lilelile katika mifano yote miwili; kilichobadilika ni riba. Kwa hiyo gharama ya kwanza ya kukatwa katika nyumba inayodaiwa ni riba, na mshauri anayeanza na nyama kabla ya kuuliza riba ni kiasi gani hajamsaidia mtu.

Riba inakatwaje? Kwanza kwa kujua unadaiwa na nani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne, SACCOS zikiwa daraja la tatu na vikundi vya kijamii kama VICOBA daraja la nne. Mkopeshaji wa daraja la pili anatakiwa awe na leseni, na mkopaji ana haki ya kuiona. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja hadharani programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wakopeshaji wengi wa aina hiyo huchota majina yaliyomo kwenye simu ya mkopaji, na siku akichelewa wanamtangaza kwa mkwewe, kwa bosi wake na kwa mchungaji wake. Anayedaiwa na watu wa namna hii asiwaendee peke yake na kwa unyonge. Aende na ndugu, adai mchanganuo wa maandishi unaoonyesha alichokopa, alicholipa na kilichobaki, kisha atafute wa kumfungia deni kwa riba ndogo. Kiwanja kilichokaa miaka bila kujengwa, seti ya sofa ya wageni, mbuzi wawili walioko kwa bibi, vyote hivyo viuzwe kabla maziwa ya mtoto hayajaguswa. Na kukopa ili kulipa mkopo kuna masharti mawili yasiyovunjwa: riba mpya iwe ndogo kuliko ya zamani, na mkopo wa zamani ufungwe siku hiyohiyo kwa maandishi. Likikosekana moja, nyumba imepata deni la pili juu ya la kwanza.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa: maskini hana mlango wa kuingilia SACCOS, hana dhamana, hana hisa. Ni kweli kwa wengi, lakini si kwa wote, na wengi wanaotumbukia kwenye kausha damu wana mshahara. Mtazame mtumishi wa umma. Utaratibu wa makato unamtaka abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake baada ya mikopo yote, na benki ikifika kwenye ukomo huo husimama. Hapo ndipo anapomwendea mkopeshaji wa kichochoroni, akamkabidhi kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri, na ile theluthi iliyolindwa inachukuliwa yote kabla hajaishika mkononi. Utaratibu ule una busara ambayo washauri wetu wa kubana matumizi wameisahau. Unakiri kwamba mtu anayedaiwa bado anakula, bado ana nauli, bado ana watoto, na kwamba kuna kiwango ambacho mdai haruhusiwi kukivuka hata kama anadai kihalali. Nataka kiwango hicho kiwepo pia ndani ya nyumba. Baba na mama wakae, wapange bei ya chakula cha kutosha, cha kawaida, chenye maharage na mboga na maziwa ya mdogo, waiandike, na wakubaliane kwamba fedha hiyo haiguswi na mdai yeyote. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika nchi yenye takwimu hiyo, sahani ya mtoto ilishabanwa zamani, na anayeshauri ibanwe tena anakopa kwenye mwili wa mtoto. Urefu na akili vilivyopotea miaka ile ya mwanzo havirudishwi na siku ya kumaliza deni.

Jibu la pili ni methali tunayoijua sote, kwamba haba na haba hujaza kibaba. Naiheshimu, lakini kibaba kilichotoboka chini hakijazwi na haba yoyote. Kizibwe kwanza, ndipo tuhesabu punje. Tena kubana kwa kukata bajeti ya siku mara nyingi huongeza gharama. Simama kwenye genge lolote la uswahilini saa kumi na moja jioni uone: mafuta ya kupima yamefungwa kwenye vifuko vidogo, sukari ya robo, unga wa nusu, mkaa kwenye makopo yaliyopangwa mstari. Anayenunua kopo la mkaa kila siku hulipa kwa kila kilo zaidi ya anayenunua gunia, na anayenunua mafuta ya kifuko hulipa zaidi ya mwenye dumu. Mama aliyepunguziwa fedha ya siku hana tena uwezo wa kununua cha mwezi, kwa hiyo anasukumwa kwenye bei ya juu ya vipimo vidogo. Familia imekula kidogo na imelipa zaidi. Ubanaji wa kweli hufanywa kinyume chake: siku ya mshahara au siku ya kuvunja kikoba, unga, mchele, maharage, mafuta na mkaa vinunuliwe kwa jumla kabla fedha haijachanwachanwa, hata kwa kushirikiana na jirani kugawana gunia.

Umeme nao una fundisho lake. Kwa bei za TANESCO zilizoanza mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na mteja wa kawaida wa nyumbani hutozwa 292. Kwa uniti 75 tofauti ni shilingi 14,400 kila mwezi. Nyumba nyingi zenye taa, televisheni na feni moja zingeweza kuishi ndani ya uniti 75, lakini wapangaji wa familia tatu wakichangia mita moja wanazidi kwa pamoja kile ambacho kila mmoja peke yake asingekizidi, na wote wanalipa bei kubwa. Kwenda ofisi ya TANESCO kuuliza mita imewekwa kundi gani, na kukaa na mwenye nyumba kuzungumzia mita ya kila familia, ni kazi ya asubuhi moja inayoweza kuokoa fedha bila mtu kulala na njaa. Huko ndiko nguvu ya kubana ielekezwe: kwenye bei tunazolipa kwa kutokuuliza, kwenye vifurushi vya simu vya kila siku, kwenye bia za Ijumaa, kwenye bodaboda ya umbali wa kutembea.

Na kwenye michango. Mtu anayedaiwa laki tano na anayewapunguzia watoto mboga huyohuyo anaahidi laki moja kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa bosi wake, na laki nyingine kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi, kwa sababu jina lake litasomwa mbele ya watu. Nitaambiwa kwamba michango ni bima yetu, kwamba asiyechangia atazikwa na upepo. Hoja hiyo ina uzito na siidharau. Jamii zetu zimebebana kwa karne nyingi, na mgonjwa au mfiwa hapaswi kusubiri deni la mtu liishe. Lakini tutenganishe. Msiba na ugonjwa havichagui siku, na mchango wake ni wajibu ambao hata mwenye deni hutoa kadiri awezavyo, ikiwa ni pamoja na kwenda kuchota maji na kulala matanga. Ukumbi wenye mapambo na kamera tatu ni hiari ya mwenye sherehe. Mtu anaweza kusema waziwazi kwamba mwaka huu hana, akaja na mikono yake akasaidia, na rafiki wa kweli ataelewa. Anayekukatia urafiki kwa kadi ya sherehe asingekuja kwenye msiba wako hata ungechanga.

Limebaki jambo ambalo washauri wa redioni hawaligusi, nalo ndilo mzizi. Madeni mengi ya nyumbani huanza kwa siri, na siri hiyo huzaliwa na fedha ya matumizi isiyotosha. Baba anaacha 5,000 mezani asubuhi, nyumba ina watu sita, na jioni anataka mboga mbili. Mama anakopa dukani, kisha anakopa kikundini kulipa duka, kisha anakopa kausha damu kulipa kikundi. Siku wakija kubeba televisheni, ukoo mzima unamhukumu yeye kwa ubadhirifu. Watasema alipaswa kumwambia mumewe. Alipaswa, ndiyo. Lakini mume naye alipaswa kusema mshahara wake ni kiasi gani na unakwenda wapi, na wapo wanaume wengi ambao wake zao wamezeeka bila kuijua namba hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mume wajibu wa kumtunza mkewe, na kifungu chake cha 59 kinakataza mmoja wa wanandoa kuiweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Watunga sheria waliona miaka hiyo kwamba deni linaloamuliwa na mmoja huangukia wote. Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kupunguza kijiko cha mafuta, madeni yote ya baba na ya mama yawekwe kwenye daftari moja, na mapato yote yaandikwe kwenye ukurasa wa pili, na kila mmoja ayasome ya mwenzake. Ni kikao kigumu, pengine kitaleta ugomvi wa siku kadhaa. Lakini hakuna mpango wa kulipa deni ambalo nusu yake imefichwa chini ya godoro.

Msimamo wangu basi ni huu. Daftari kwanza, riba ya pili, sherehe na anasa ya tatu, bei tunazolipa kwa uzembe ya nne. Chakula kiguswe mwisho kabisa, na kikiguswa kianze kwenye sahani ya aliyekopa. Baba anayetaka kubana matumizi ya jikoni na aanze kwa kuweka hati yake ya mshahara mezani. Asiyeweza hilo hana haki ya kumwambia mtoto kwamba leo hakuna maziwa.